Ushairi na Haki ya Kujibu

Miradi ya sanaa ya kijamii huelezwa aghalabu kwa kauli moja: kuufikisha ushairi kwa umma. Kauli hii ina wema, ila imebeba dhana inayostahili kuhojiwa, kwamba umma hauna ushairi mpaka uletewe. Swali tunalolishughulikia hapa ni la kimaadili: anayempelekea mwenzake shairi ana deni gani kwake?

Tuchukue mfano unaofahamika. Mnamo 1986, Judith Chernaik na wenzake walianzisha mpango wa kubandika mashairi ndani ya mabehewa ya reli ya chini ya ardhi jijini London. Abiria husoma beti chache kabla ya kushuka, na huenda zikamliwaza siku nzima. Hata hivyo, uhusiano huu ni wa upande mmoja. Abiria amepewa, hakuulizwa, wala hana pa kujibia.

Desturi ya mwambao wetu ilikuwa tofauti. Muyaka bin Haji, aliyefariki mnamo 1840, alitunga wakati Mombasa na Lamu zilipokuwa na uhasama, na tungo zilijibiwa kwa tungo. Msikilizaji aliyezijua kanuni za vina na mizani aliweza kumsifu mtunzi, kumkosoa, hata kumkabili kwa shairi lake mwenyewe. Ndiyo maana mashairi hayo yalihifadhiwa na watu hadi Mwalimu Sikujua na W. E. Taylor walipoyakusanya, na Hichens akayachapisha mnamo 1940, miaka 100 baada ya mtunzi kufa.

Yapo mapingamizi. Wengine watasema kwamba kila mtu akipewa nafasi ya kujibu, viwango vya sanaa vitashuka. Hoja hii inasahau kwamba majibizano yenyewe ndiyo yaliyovilinda viwango: shairi lililopwaya lilimwaibisha mtunzi wake mbele ya watu waliojua kupima. Kinachoshusha viwango ni hadhira isiyofunzwa kupima, inayopigia makofi chochote iletewacho.

Pingamizi zito zaidi ni la gharama. Huko Kamĩrĩĩthũ, Limuru, wanakijiji waliishiriki tamthilia ya Ngaahika Ndeenda kwa kuirekebisha, lugha na nyimbo zake zikiwemo. Ilianza kuonyeshwa Oktoba 1977 na kupigwa marufuku Novemba. Kabla ya mwaka kwisha, Ngũgĩ wa Thiong'o alikuwa kizuizini. Mnamo 1982 jukwaa lenyewe lilibomolewa. Ingawa hiyo ilikuwa drama, funzo lake linauhusu ushairi pia: umma unaojibu huwasumbua wenye mamlaka, na huwasumbua vilevile wasomi waliozoea kuwa wafasiri pekee wa matini.

Hivyo basi, tunadai kwamba deni la mwenye mradi halilipwi kwa kusoma mashairi sokoni kisha kuhesabu waliohudhuria. Hulipwa kwa kuwafunza watu ufundi wa utunzi, kuwaachia jukwaa, na kuvumilia watakalosema, hata likiwa dhidi yake. Anayekwepa sharti hili hajaufikisha ushairi kwa umma. Ameufanya umma kuwa hadhira yake tu. Idara zetu, zinazotahini ushairi kila mwaka, zingefaa zijiulize ni lini mara ya mwisho zilijibiwa na mtu asiye mwanafunzi wao.