Deni la Paka Mzee

Msomaji wa visiwani asikiapo jina la Mbweni huikumbuka kwanza Mbweni ya Unguja. Iko nyingine ng'ambo ya bahari, katika Wilaya ya Kinondoni, kaskazini mwa jiji la Dar es Salaam. Pwani ya wavuvi ambayo sasa ina nyumba nyingi zenye kuta ndefu. Ndani ya kuta za namna hiyo ndimo paka hupata fursa ya kuzeeka. Paka wa sokoni hawahiwi na uzee: gari, mbwa au njaa humtangulia. Aliyefugwa ndani, akalishwa na kuchanjwa, huweza kufika miaka 15 na kuzidi. Na hapo aghalabu figo zake huanza kuchoka.

Maradhi hayo hayaponi. Sehemu ya figo iliyokufa haioti tena, na dalili hazidhihiri ila baada ya takriban theluthi mbili ya nguvu ya figo kupotea. Paka hunywa maji kupita desturi yake, hukojoa mno, hukonda na kutapika; na tumbo nalo likiwa gonjwa, chakula kinachozifaa figo huenda lisikipokee. Hata hisani iliyozoeleka humdhuru. Dagaa aliwaye na miba yake ana fosforasi nyingi, ambayo figo dhaifu hushindwa kuitoa. Na maziwa huwaharisha paka wengi waliokwisha kukomaa. Basi mapenzi pekee hayatoshi. Yahitaji kuongozwa na elimu.

Wapo waulizao: ni haki kumgharimia mnyama asiyekamata tena panya, katika jiji ambamo wapo binadamu wanaoshindwa na gharama za kusafishwa damu kwa mashine? Swali hili halistahili kejeli, kwani roho ya mtu hutangulia. Hata hivyo, shilingi aliyonyimwa paka ni nadra kuonekana mkononi mwa jirani mgonjwa. Mwenye kumhurumia mmoja ndiye aliye tayari zaidi kumhurumia wa pili. Tena mengi katika matunzo hayo hayana bei: maji safi, chakula kidogo kidogo, beseni la mchanga lililosogezwa karibu, na subira ya kufuta matapishi usiku wa manane.

Lakini hoja yenye uzito zaidi si ya huruma, ni ya deni. Hadithi mashuhuri iliyomo katika Sahihi Bukhari yasimulia habari za mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka: alimfunga, hakumlisha, wala hakumwachia ajitafutie riziki katika ardhi. Kosa hilo lina sehemu mbili. Lau angemwachia, paka angejitegemea. Kumfunga ndiko kulikouzaa wajibu wa kumlisha. Ukuta wa Mbweni nao ni kamba, ijapokuwa umejengwa kwa mapenzi. Aliyemtoa paka mtaani akamzoesha bakuli amemwondolea uwezo wa kujitafutia, na uzee hauivunji dhamana hiyo, waizidisha. Wahenga wamesema asante ya punda ni mateke. Wangeweza kuuliza pia asante ya mtu kwa mnyama ni nini.

Kamba hiyo, hata hivyo, ina ncha ya pili. Maji anayotiwa paka chini ya ngozi kwa sindano huweza kumpa miezi, na wengine miaka, ya afueni. Paka anapojificha chini ya kitanda, akakataa chakula na kukimbia mkono uliomlea, sindano ileile huwa kifungo kipya. Hapo kinachotunzwa si paka tena, bali hofu ya mwenye nyumba ya kubaki peke yake. Mmoja atamwomba daktari wa mifugo ampumzishe. Mwingine, aaminiye kuwa ajali i mikononi mwa Mola, atampunguzia maumivu na kungoja. Wote wawili wanaweza kuwa wema, na wote wawili wanaweza kujidanganya. Kinachowatenganisha na udanganyifu ni kumtazama mnyama kabla ya kujitazama.

Deni kwa paka mzee ni deni la raha, si la hesabu ya siku. Naye hajui kulidai wala hawezi kulisamehe. Kwa hiyo alipaye hulipa bila shahidi, na hapo ndipo uungwana wake hupimwa.