Tunamsitiri nani?

Tangu nianze kujitolea kuwasindikiza mahakamani watoto waliodhulumiwa hapa Pangani, hakuna neno nililolisikia mara nyingi kama sitara. "Maalim, haya mambo ya aibu, tumsitiri mwenzetu." Husemwa barazani baada ya Isha, tena kwa upole, na aghalabu anayelisema ni mtu mwema ambaye swala ya jamaa haimpiti.

Kazi yenyewe, ndugu msomaji, si ya uwakili. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, lakini haiwapi ruhusa ya kusimama mbele ya hakimu kumwakilisha mtu. Tunachofanya ni kumpeleka mtoto na mlezi wake kwenye dawati la jinsia na watoto pale polisi, kufuatilia PF3 hospitali, kumtafuta ofisa ustawi wa jamii, kukumbuka tarehe ya kesi na kuwapo siku hiyo. Familia ya Mkwaja ikikosa nauli mara mbili, shahidi haji, na shahidi asipokuja kesi hufa. Huko Seattle, Marekani, jaji David Soukup aliona anaamua maisha ya watoto bila mtu wa kumweleza hali ya mtoto mwenyewe, na mwaka 1977 ukaanza mpango wa raia wa kawaida kujitolea kwa kazi hiyo. Kwetu hapa imebaki kwa jirani, akitaka.

Sasa turudi kwenye sitara, maana hoja ya wazee si ya kipuuzi. Mtume (SAW) amefundisha kuwa anayemsitiri Mwislamu naye atasitiriwa. Wazee wanaongeza kuwa mji ni mdogo, binti atanyooshewa vidole, na mtuhumiwa ana watoto wanaomtegemea. Basi kikao hukaa, fedha hutoka, mikono hupeanwa na Fatiha husomwa. Fedha hupokewa na baba au mjomba. Mtoto hapati hata kanga.

Mimi nauliza, msamaha huo ni wa nani? Wanazuoni wametenganisha haki ya Mwenyezi Mungu na haki ya mja. Mtu akiteleza kwa dhambi iliyo baina yake na Mola wake, msitiri. Lakini akimdhulumu mtu, haki ni ya aliyedhulumiwa, na baraza zima haliwezi kuisamehe kwa niaba yake. Mtoto naye hajabaleghe, kusamehe kwake hakujatimia. Je, walii wake anaweza kusamehe? Fiqhi inatuambia walii hana ruhusa ya kugawa mali ya yatima kama zawadi, na Suratun-Nisaa imewaonya vikali wanaoila mali hiyo. Kama hawezi kutoa mnazi mmoja wa mtoto, ameipata wapi ruhusa ya kuutoa mwili wake? Katika Sura hiyo hiyo, aya ya 135, tumeamrishwa kutoa ushahidi wa haki hata kama ni dhidi ya nafsi zetu, wazazi na jamaa. Na Suratut-Takwir, inapotaja mtoto wa kike aliyezikwa hai, atakayeulizwa ameuawa kwa dhambi gani ni yeye mwenyewe. Kikao chetu hakimuulizi mtoto kitu.

Wapo wanaosema watu husingiziwa, kwa husuda au ugomvi wa shamba. Ni kweli, hutokea. Lakini mtu aliyesingiziwa, kikao cha kimyakimya hakimsafishi, kwani atabaki na minong'ono hadi kaburini. Hakimu ana njia ya kupima. Tangu mwaka 1998 sheria imemruhusu kutia hatiani kwa ushahidi wa mtoto peke yake katika makosa haya, akiridhika kuwa anasema kweli na kueleza sababu zake. Tangu mwaka 2016 mtoto asiyezidi miaka 14 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, mradi aahidi kusema kweli. Ahadi hiyo si mapambo, maana zipo hukumu zilizotenguliwa katika rufaa kwa kuwa haikuchukuliwa ipasavyo.

Na ile aibu tunayoiogopa? Ushahidi katika makosa ya kujamiiana hutolewa faragha, na magazeti yamekatazwa kuutangaza. Majina ya watoto hawa mimi nimeyasikia yakitajwa barazani, kwenye kahawa. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kuwa karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana mmoja hivi katika kila 7, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kufika miaka 18. Hao ni wengi mno kuwa siri ya nyumba moja moja.

Lililo gumu kwangu ni jingine. Binti mmoja, mtu mzima anayetuhumiwa akiwa ndiye mlishaji wa nyumba, aliniambia hataki kesi, anataka kurudi kwa mama yake. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka maslahi ya mtoto yatangulie, na sheria hiyo hiyo inampa mtoto haki ya kusikilizwa maoni yake. Yakigongana, nimseme yupi? Wenzangu wengine husema mtoto hajui kitu, amua wewe. Sikubaliani nao, huko ni kurudi kwenye kile kile kikao cha wazee. Nilimweleza ofisa ustawi maneno ya binti kama alivyoyasema, kisha nikatoa maoni yangu kando, kama yangu. Ofisa akaketi naye chini, akamuuliza kwa nini hataki. Jibu lake lilikuwa swali: yule bwana akifungwa, mama atalala wapi?

Kumbe kesi hakuikataa. Ikatafutwa nyumba ya shangazi Tanga mjini, mama na mtoto wakahamia huko. Nauli ya kuja Pangani siku za kesi tunachanga watu wanne, na mmoja wao ni mzee aliyekuwa akiniambia tusitiri.