Adamu Hakuulizwa

Mkono wa kushoto wa mdogo wangu unavuma. Walimuunganishia mishipa miwili chini ya ngozi, na ukiweka kiganja hapo unasikia damu ikikimbia kama mfereji wetu wa Poli wakati wa masika. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa anashuka Arusha mjini, anachomwa sindano mbili kwenye mshipa huo, na kwa saa nne mashine inafanya kazi iliyozishinda figo zake. Presha ilizila kimyakimya kwa miaka mingi. Ana umri wa miaka 46. Akirudi jioni hana nguvu hata ya kumpokea mtoto wake daftari.

Mimi ni dada yake mkubwa, mwalimu wa shule ya msingi na mzee wa kanisa. Kundi letu la damu ni moja. Kaka yetu ana kisukari, mdogo wetu wa kike naye ana presha, hao hawafai kumtolea figo. Nimebaki mimi.

Hapa nchini figo ya kupandikiza hutoka kwa mtu aliye hai, ndugu wa mgonjwa. Muhimbili walipandikiza ya kwanza Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata Machi 2018. Kabla ya hapo safari ilikuwa ya India, na kwa familia kama yetu maana yake ni shamba kuuzwa. Namshukuru Mungu kwa hatua hiyo. Ila zamani ukoo ulikaa kuulizana pesa zitatoka wapi. Siku hizi unakaa kuulizana nani, na huyo nani ameketi palepale kwenye benchi, kila mtu anamwona.

Tulikaa chini ya mringaringa wa baba. Hakuna aliyeniambia nitoe. Baba mdogo alisema tu, "Mwalimu, Mungu alikuwa anakuandaa." Wifi yangu akajifunika kanga usoni. Nikasema nitaenda kupima, watu wakapumua, chai ikaletwa. Usiku ule sikulala.

Mama ndiye aliyenipinga waziwazi. Ana zaidi ya miaka 80. Mwaka 1951, Wameru walipofukuzwa Engare Nanyuki ili ardhi wapewe walowezi, yeye alikuwa mtoto mdogo, na familia yake iliondoka ikiacha makaburi nyuma. Kirilo Japhet alikwenda hadi Umoja wa Mataifa mwaka uliofuata kuisemea ardhi ile, na mama anaisimulia safari hiyo kama ya jana. Kwake mwili ni kitu cha kulala chote mahali pamoja, kwenye migomba ya watu wako. "Mwanangu," aliniuliza, "siku ya ufufuo utaamka nusu?"

Nilimkumbusha mjomba. Mguu wake ulikatwa kwa sababu ya kidonda, tukauzika nyuma ya zizi, na miaka 9 baadaye naye akazikwa jirani na hapo. Hakuna aliyesema mjomba ataamka na mguu mmoja. Mama alitafakari, kisha akanijibu jambo ambalo sikuwa na jibu lake: "Mguu wa mjomba ulikuwa umeoza. Figo yako imeoza?"

Kijana wetu mmoja aliyesomea uchungaji Makumira aliniambia kwamba mama amefika peke yake mahali alipofika mwanafalsafa Immanuel Kant mwaka 1797. Kant aliandika kuwa kukata kiungo kinachooza ili uishi si kosa, lakini kung'oa jino lako zima ili likapandikizwe kinywani mwa mwingine ni kujiua kwa sehemu. Niliguswa sana. Mwili si mali yangu, hilo naliamini, nimekabidhiwa tu. Daktari naye amekatazwa kudhuru, na mimi siumwi. Mtu wa kwanza kutolewa figo ikamponya mwenzake kwa muda mrefu, Ronald Herrick wa Marekani, alipasuliwa Boston tarehe 23 Desemba 1954 akiwa mzima kabisa. Pacha wake Richard aliishi miaka 8 zaidi. Ronald mwenyewe alifika miaka 79. Lakini asubuhi ile ya Desemba hayo hayakujulikana, na Dakta Hartwell Harrison alishika kisu juu ya mtu asiye na ugonjwa.

Mchungaji wetu alinitia moyo kwa habari ya ubavu wa Adamu. Alisema Mungu ndiye mpasuaji wa kwanza. Nilirudi nyumbani nikasoma tena Mwanzo, na nilichokiona kikanisumbua: Adamu alikuwa amelala. Hakuulizwa. Ubavu wake ulichukuliwa, na Mungu, aliyemfinyanga, alikuwa na haki ya kuuchukua. Ukoo hauna haki hiyo. Yesu katika Yohana anasisitiza kwamba uhai wake hanyang'anywi, anautoa mwenyewe, na kwangu tofauti hiyo ndiyo kiini cha jambo lote. Nimehesabu sadaka kwa miaka 14. Naijua noti ya mtu aliyetoa kwa sababu jina lake litasomwa mbele ya usharika, na naijua ya yule aliyetoa kwa kuwa amependa. Mezani zinafanana, zote zinajenga kanisa, ila moja ni sadaka na nyingine ni kodi. Nilimjibu Kant moyoni kwa njia hiyo: nilichokabidhiwa naweza kukitumia kwa ajili ya mwingine bila kumwibia aliyenikabidhi, mradi ni mimi ninayekitoa. Wakikitoa wengine ndani yangu kwa macho yao, hapo mama na Kant wako sahihi.

Siku ya vipimo Dodoma, daktari alimtoa wifi nje, akafunga mlango. Akanieleza vizuri: figo inayobaki hukua kidogo na kubeba kazi, kuna maumivu, kuna hatari ndogo ya kifo, mdogo wangu atameza dawa maisha yake yote ili mwili usiikatae figo yangu, na bado siku moja yaweza kuchoka. Kisha akasema, "Mwalimu, ukitaka kuacha, niambie mimi tu. Wao nitawaambia huwezi kuwa mtoaji. Sitaeleza zaidi."

Nililia. Tangu mringaringa hakuna aliyenifungulia mlango wa kutokea.

Siku 11 sikumjibu. Nilifundisha, nikapalilia, nikaenda soko la Tengeru, na kila siku nilikuwa huru kusema hapana. Nililishika neno hilo mkononi nikalipima uzito. Siku ya 12 nikaenda kwa mdogo wangu. Alikuwa amelala kwenye mkeka barazani, Mlima Meru umefunikwa wingu hadi msituni.

"Daktari aliniambia naweza kukataa," nikasema.

"Najua, dada. Nilimwomba akuambie."

"Wewe?"

"Kabla hujapima. Nilimwambia, dada hajui kusema hapana mbele ya watu."

Niliketi, nikaweka kiganja juu ya ule mshipa wake. Ulikuwa unavuma. Nikamwambia tarehe niliyopanga kuomba ruhusa shuleni.