Gari ni lako, masikio ya jirani je?

Wiki hii naomba tulitazame jambo ambalo wengine wataliona dogo, lakini limenisumbua kwa siku kadhaa.

Kijana mmoja niliyemfundisha Qur'an hapa Kilwa alipokuwa mdogo, Allah (s.w.t.) amemfungulia riziki katika biashara ya ufuta. Baada ya misimu michache amenunua pikapu ya dizeli yenye turbo. Fedha yake ni ya halali, na jasho lake nalijua. Alipokwenda Dar es Salaam akafungiwa kifaa ambacho vijana wanakipenda sana. Kila akiachia mafuta, gari linatoa mlio mkali wa "pshhh", kama tairi linalopasuka.

Siku moja alinikuta Nangurukuru nikisubiri usafiri wa kwenda Masoko, akanipakia. Njiani watu wakawa wanageuka kututazama. Nakiri kwamba nami, na kanzu yangu na kofia yangu, nilitabasamu. Mbele kidogo tukamkaribia mzee mmoja aliyekuwa pembeni kabisa mwa barabara na baiskeli yake, amefunga gunia la mihogo nyuma. Kijana akaachia mafuta, mlio ukatoka. Mzee akashtuka, baiskeli ikamshinda, akaingia mtaroni na mihogo yake.

Tulisimama, tukamwinua. Goti lilikuwa limechubuka. Akasema alidhani gari limeshamfikia. Kijana akamwomba radhi, tukaondoka. Baada ya kimya kirefu akaniuliza: "Ustadh, gari ni langu, fedha ni yangu, sikuzidisha kilometa 50 zinazoruhusiwa kwenye makazi, na yule mzee sijamgusa. Dhambi yangu iko wapi?"

Sikumjibu pale pale. Na kabla ya kufungua vitabu, nilikwenda kwanza kwa fundi, kwa sababu huwezi kutoa hukumu juu ya kitu usichokijua.

Fundi alinieleza hivi. Turbo inazungushwa na moshi unaotoka kwenye injini, nayo inasukuma hewa nyingi zaidi kuingia ndani ili injini ipate nguvu. Katika gari la petroli kuna kilango cha hewa. Dereva akiachia mafuta kinafunga, na hewa iliyokwishasukumwa inakosa pa kwenda, inarudi kuipiga turbo. Hapo inahitajika valvu ya kuipunguza, na kiwandani mara nyingi hewa hiyo hurudishwa ndani ya mfumo kwa utulivu. Lakini dizeli nyingi, hasa za zamani, hazina kilango kinachofunga namna hiyo. Nguvu yake hupimwa kwa wingi wa mafuta. Kwa hiyo valvu ile haina kazi ya kufanya. Inabidi ifungwe swichi ya umeme ili hewa iachiliwe makusudi, upatikane mlio. Akaongeza kuwa kuna hata kifilimbi kinachochomekwa kwenye bomba la ekzosi, ili gari lisilo na turbo lisikike kama lina turbo!

Sasa turudi kwenye swali. Mtu asije akadhani ninasema Uislamu unachukia pambo. Ng'ambo yetu hapa, Kilwa Kisiwani, Msikiti Mkuu na kuba zake za mawe ya matumbawe ni ushahidi kwamba wazee wetu walipenda kilicho kizuri. Ibn Battuta alipofika mwaka 1331 aliusifu mji huo kwa uzuri wake. Wala sisemi kwamba kila kifaa kinachoongezwa kwenye gari ni upuuzi. Kinachoilinda injini au kumsaidia dereva ni katika kuhifadhi mali. Anayeongeza nguvu ajiulize tu kama na breki ameziongeza, maana wapo wanaoongeza presha ya turbo na breki zikabaki zile zile.

Tatizo liko kwenye hoja ya "haimhusu mtu". Nilimuuliza kijana: "Ungekuwa unaendesha peke yako katika pori la Mbwemkuru maisha yako yote, bila mtu wa kukusikia, ungekinunua kifaa hiki?" Akacheka, akasema hapana. Basi pambo hili limenunuliwa kwa ajili ya masikio ya watu. Huwezi kulinunua kwa ajili ya watu, kisha wakiumia ukasema haliwahusu.

Mavazi mazuri asiyependa kuyaona anaweza kugeuza uso. Sikio halina mlango wa kufunga. Mlio wa gari unamfikia mgonjwa aliyelala, mtoto mchanga na mzee wa baiskeli, na hakuna aliyeombwa idhini.

Na ile hoja ya "sijamgusa"? Abu Dawud amepokea kisa cha masahaba waliokuwa safarini. Mmoja alilala, mwenzake akaichukua kamba aliyokuwa nayo, akazinduka kwa hofu. Hakuguswa mwilini, lakini Mtume (s.a.w.) alieleza kuwa si halali Muislamu kumtia hofu Muislamu mwenzake. Kumbe hofu yenyewe ni madhara. Wala haki hii tusiifanye ya Waislamu peke yao, kwani barabara ni ya wote. Na kile kifilimbi cha kuigiza turbo, Mtume (s.a.w.) ameshalisema la mtu anayejionesha ana kitu ambacho hakupewa, akamfananisha na aliyevaa nguo mbili za uongo.

Tukiitazama Surat Luqman, yule mzee mwenye hekima alimuusia mwanawe asitembee kwa maringo, awe wa wastani katika mwendo wake na ashushe sauti yake. Mwendo na sauti vimewekwa pamoja. Madereva tulizingatie hilo.

Kijana hakukubali kirahisi. Aliniuliza: "Na vipaza sauti vya misikiti, Ustadh?" Nikamwambia adhana inamwita msikiaji kwenye kheri yake. Lakini mhadhara unaorushwa mtaa mzima hadi usiku wa manane, na wagonjwa wamelala, upimwe kwa mizani ile ile. Hatuwezi kuwahukumu vijana kwa mizani tunayoikwepa wenyewe.

Ijumaa iliyofuata tulikwenda wote wawili kwa yule mzee. Yeye aliomba radhi kwa mlio, mimi kwa tabasamu langu ambalo mzee hakulijua. Mzee alitusamehe. Akamwambia kijana: "Mjukuu wangu, mimi honi siichukii. Ipige ungali mbali, nijue unakuja."

Nadhani jibu la swali limo humo. Honi inapigwa kwa faida ya anayeisikia, na mlio ule ulitolewa kwa faida ya anayeutoa. Kijana ameniambia atakitoa kifaa kile akirudi Dar es Salaam. Mimi namuombea, nami pia najiombea, maana aliyekaa kiti cha abiria akatabasamu naye ana sehemu yake.

Wallahu a'lam.