Enyi Wafugaji wa Mzumbe, Yusufu Hakungoja Njaa

Ndugu zangu wafugaji wa Mzumbe, Changarawe na Mlali, mliojaliwa ng'ombe mmoja, wawili au watatu zizini, sikieni! Mfalme wa Misri aliota ng'ombe saba wanono wakiliwa na saba waliokonda. Kisa hicho Mkristo anakijua na Mwislamu anakijua. Yusufu alipoifasiri ndoto hakuwaambia watu wakae wakilia. Aliwaambia waweke akiba. Nasi tunajua fika kwamba masika ikishapita nyasi zitakauka, na ifikapo Septemba tutahangaika na baiskeli kutafuta majani kwenye mifereji yote. Tunajua, na kila mwaka tunashtuka upya!

Sasa yamekuja majani ya siku saba, yale ya haidroponiki, yasiyohitaji udongo. Loweka mahindi au shayiri usiku kucha, chuja maji, tandaza kwenye trei zenye matundu ndani ya kibanda chenye kivuli, nyunyizia asubuhi, mchana na jioni. Siku ya saba unainua kitu kizima kama mkeka: mizizi, mbegu na majani, na ng'ombe anakula vyote. Kilo moja ya mbegu hutoa kilo tano hadi saba.

Wahubiri wengi wa habari hii huishia hapo, wakapitisha kapu la sadaka. Mimi siishii hapo. Uzito ulioongezeka ni maji! Ukiyakausha majani yale, hayafikii hata uzito wa mbegu uliyoloweka. Na kumpa ng'ombe mmoja kilo kumi kwa siku unahitaji karibu kilo moja na nusu hadi mbili za mbegu. Kwa mwezi ni nusu gunia. Basi asikudanganye mtu ukang'oa majani ya tembo au ukachoma mabua. Akiba ya Yusufu kwetu ni hei, yaani majani yaliyokaushwa, na saileji, majani yaliyovundikwa. Majani ya trei ni nyongeza.

Kwa hiyo acheni kumsema mama jirani aliyezikataa trei. Wataalamu humwita mzito wa kubadilika. Mzito wa nini? Mama yule anauliza: mahindi haya ni ya ng'ombe au ya ugali? Maji ya kunyunyizia nitayabeba mimi kichwani, au baba watoto? Ukungu ukiota nimwone nani? Amepiga hesabu ambayo semina haikupiga. Mjibuni kwanza, ndipo mmhubirie!

Nanyi wasomi, Chuo Kikuu cha Mzumbe ni jirani yetu, na SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ipo Morogoro tangu 1984. Shukeni mazizini! Miaka ya 1980 SUA ilipeleka mbuzi wa maziwa kutoka Norway huko Mgeta, milimani Uluguru ambako shamba ni kipande tu. Wafugaji walijiunga vikundi, na mbuzi wale wameacha uzao. Hata kwa trei ni hivyo hivyo: kikundi hununua mbegu kwa gunia wakati wa mavuno, bei ikiwa chini. Mtu peke yake hununua kwa debe bei ikishapanda.

Na ninyi mnaokimbilia duka la pembejeo, rudini! Mbegu iliyopakwa dawa ni sumu, ng'ombe asiiguse. Trei ikinuka uvundo au ikiota ukungu, tupa yote bila huruma. Sumukuvu, sumu ya ukungu, hupita kwa ng'ombe ikaingia kwenye maziwa, na maziwa hayo anayanywa mwanao.

Basi simameni, lakini msianze na trei ishirini za mkopo. Leo jioni loweka kilo moja uzoeze mkono. Ukishaweza, mlishe ng'ombe mmoja kwa wiki mbili, pumba zile zile, mashudu yale yale, usibadili kingine. Fungua daftari: huku shilingi za mbegu na ndoo za maji, kule lita za asubuhi na za jioni. Lita zisipolipa gharama, mahindi yarudi jikoni. Zikilipa, lipeleke daftari hilo kwenye mkutano wa kikundi, na mama yule alisome wa kwanza.