Mvua Moja, Ardhi Mbalimbali

Mtume Mtukufu s.a.w. aliufananisha uongofu aliokuja nao na mvua inyeshayo juu ya ardhi mbalimbali: ipo inyonyayo maji ikaotesha, ipo iyashikayo watu wakanywa, na ipo isiyofanya lolote kati ya hayo. Nilisomesha mfano huu miaka mingi kabla sijaufahamu kwa jembe.

Nilikulia penye udongo mweusi wa mbuga, kisha nikapelekwa kufundisha pwani. Huko nikapanda mahindi mchangani, na mbolea yote ya chumvichumvi nikaitia siku moja, kama tulivyozoea kwetu. Mvua kubwa ikanyesha. Baada ya majuma machache mahindi yakawa ya manjano, nami nikasema, "Ardhi hii haina baraka." Mzee jirani, ambaye mihogo na mikorosho yake ilistawi hatua chache tu kutoka hapo, akanijibu, "Mwalimu, usiisingizie ardhi."

Alisema kweli. Punje za mchanga ni kubwa, nyingine hufika milimita 2, na maji hupita upesi baina yake yakichukua chakula cha mimea. Chembe za mfinyanzi hazifiki hata milimita 0.002, nazo huvuta na kushika potasiamu na kalsiamu. Ndiyo sababu udongo huo huwa na rutuba. Walakini ushikaji huo una hasara yake. Maji mengine huyabana mno hata mizizi isiweze kuyanyonya, mmea ukanyauka ilhali udongo ungali na unyevu! Tena ukijaa maji, mizizi hukosa hewa. Na ule wa mbuga ukikauka, hupasuka na kuikata.

Wako wanaomwaga mchanga kidogo katika mfinyanzi wakitumaini kuulainisha. Mara nyingi hupata kitu kama tofali. Lifaalo ni samadi na mboji, ambazo huusaidia mchanga kushika maji, na mfinyanzi huufungulia njia za hewa.

Mzee yule alitwaa udongo wa shamba langu, akaulowanisha, akauvingirisha kiganjani. Mfinyanzi hufanyika kamba nyembamba, wangu ulisambaratika. Msimu uliofuata nikatia samadi ya mbuzi, na mbolea nikaigawa mara tatu. Mahindi ya kwanza kuiva nilimpelekea yeye.