LUGHA YAKO: NI YA KUJENGA AO YA KUUA?

Masomo: Waamuzi 12:4-6, Matendo 2:5-11



Kwenye vivuko vya muto Yordani, watu wa Gileadi waliweka mutego wa neno moja: Shiboleti. Kila aliyetaka kuvuka aliambiwa alitamke. Mwefraimu alisema Siboleti, sababu kinywa chake kilizoea hivyo. Tamko moja likamuua. Biblia inahesabu watu 42,000.

Kumbe lugha inamujulisha mutu. Petro naye alijulikana hivyo usiku ule (Matayo 26:73). Si zambi. Mungu ndiye alituweka katika tumbo la mama zetu, na vinywa vyetu vikajifunza kwao. Ukiita mapasa Kyungu na Kabange, Muluba anajua mara moja nani alitangulia kuzaliwa. Hiyo ni hazina ya wazee. Mutoto asiyejua Kiluba hata kidogo, atapokea namna gani baraka ya nkambo yake anayelala kufa?

Lakini pale penye hazina ndipo Shetani anakuja kuiba. Sisi pia tuko kando ya muto, Lualaba. Reli ilifika hapa Bukama mwaka 1918, ikaleta watu wa lugha nyingi, na Kiswahili kikatukalisha pamoja. Halafu, mwaka 1992 na 1993, reli hiyohiyo ikawabeba ndugu zetu wa Kasai waliofukuzwa Katanga. Wengi walizaliwa huku. Watoto walikufa njiani. Jina la mutu na namna yake ya kusema vilitosha kumuhukumu. Shiboleti ilirudi, wandugu, na safari hii kati ya watu wanaosali.

Tumukumbuke Papa Simon Kimbangu. Alikuwa Mukongo wa Nkamba. Alifungwa mwaka 1921, akaletwa Élisabethville, mbali sana na lugha ya mama yake, akafa kifungoni tarehe 12/10/1951. Kama wazee wetu wangesema, huyu si wa kwetu, leo tungekuwa na nini? Bolingo, mibeko, misala: tunayataja kwa Kilingala, tunayafundisha kwa Kiswahili, tunayatenda nyumbani kwa Kiluba. Upendo ni uleule.

Siku ya Pentekoste Roho Mutakatifu hakufuta lugha hata moja. Kila mutu alisikia ile ya kwao, na hakuna aliyefukuzwa.

Basi, wazazi, semeni Kiluba na watoto wenu bila haya. Lakini jina la kabila lingine lisisikiwe nyumbani mwenu kama tusi, sababu mutoto anachukua yote mawili pamoja. Na mutu akifika sokoni, kivukoni ao kanisani na matamko mengine, usimupime. Umupe kiti, umuulize habari za safari.

Bwana atakase vinywa vyetu. Amina.

Shemasi wa Bukama